Athari

Ukurasa wa arobaini na mbili, jedwali la sita,
mtaalamu ameandika: Athari kwa maji ya ardhini: ndogo.
Nimelipigia mstari neno hilo kwa kalamu ya kijani,
maana mteja wangu anachimba kromi,
na hiyo "ndogo" ndiyo ninayolipwa kuilinda.

Nilifika kijijini, ng'ambo ya Ibra, saa nne, jua limeshanuna,
viatu vya mahakamani, abaya imeshika vumbi,
fomu tatu za fidia zinangoja saini.

Bi Zuweina binti Mhanna hakuzigusa.
Alinipeleka kwenye mti wa falaji:
nguzo kavu, imesimikwa kiwanjani, mawe yamepangwa ubavuni.
Kivuli kikitoka jiwe hili kikafika lile,
zamu imekwisha, maji yanageuzwa kwa jirani.
"Hapo katikati," akasema, "ndiyo athari."
Nusu saa ya maji. Ndivyo huku inavyoitwa.
Yeye anazo mbili, kila siku ya nane:
moja ya mahari, moja ya urithi wa kaka yake.

Mhandisi wetu alitabasamu tu. Hakujua
kwamba bibi ameshahamia Kiswahili,
tena cha Wete, chenye makali ya mama yangu
akiuliza nani kaacha bomba wazi.
"Mwanangu, karatasi yako yasema ndogo.
Ndogo ipi? Ya mahari, au ya kaka?"

Nimesoma sheria miaka mitano Maskati, miwili nje.
Nakijua kifungu cha leseni, cha visima,
cha umbali kutoka kisima mama.
Nikatazama viatu vyangu.

Majani ya ndimu zake yamejikunja kama risiti za zamani.
Maji yapo mferejini, yanafika kifundoni;
doa la chokaa ukutani linasema yalikuwa ya goti.
Nililipiga picha. Mhandisi akakohoa.

Garini, kiyoyozi kilikuwa kikivuja chini ya injini,
shore wawili wakaja kunywa pale vumbini.
Tone. Tone.
Nikajikuta nahesabu.

Saa tano usiku nikamwandikia mteja:
Ripoti hii haitasimama mbele ya hakimu. Pimeni upya, kiangazi,
na si kwa mtambo peke yake. Kuna nguzo pale, na mawe.
Nikaifuta sentensi ya mwisho.
Nikairudisha.

Fomu zimo mkobani bado, tupu,
pamoja na jani moja la ndimu
ambalo sikumbuki nani kalitia.