Mstari wa Arobaini na Saba

Valdivia, mwezi wa Julai. Mvua siku ya tisa haijakata.
Kuni mbichi zinalia ndani ya jiko la chuma,
na mimi, Nibaldo, mchonga funguo,
nimefunga duka, nimevaa soksi mbili mbili,
nimekaa mbele ya mashine ambayo binti yangu
huiita Marehemu.

Marehemu ana miaka kumi na sita.
Bawaba yake moja imeshikwa kwa waya wa shaba.
Herufi E ilikufa; nimeihamishia pembeni,
kwenye kitufe kilichokuwa hakina kazi,
na kidole kimeshazoea kupinda kona
kama mtu akwepaye dimbwi lile lile kila asubuhi.

Sitaki madirisha yanayoelea na kutupa vivuli.
Nataka vigae: hiki hapa, hiki pale, ukuta umejaa.
Sitaki kipanya. Natoa amri,
na amri ikitimia, mashine hunyamaza.
Hainipongezi.
Ndivyo kilivyo kitasa kizuri:
hakisemi, kinafunguka.

Aliyenitia katika haya ni shemeji yangu Heriberto,
fundi redio wa Osorno. Alikuja na diski moja mfukoni
akasema: "Kitasa usichoweza kukifungua mwenyewe
si chako, hata kama umekilipia."
Hapo alinipata, na alijua.
Akanipangia Linux yangu faili kwa faili,
na kando ya mipangilio akaacha maneno yake
nyuma ya alama ya reli,
ambayo mashine huyaruka na binadamu huyasoma:

# kijivu hiki ni kwa sababu macho yako yamechakaa
# ukipandisha sauti zaidi ya hapa spika italia kama mbuzi
# mstari wa 47: USIGUSE. Nasema nawe, Nibaldo.

Tulibishana miaka juu ya vihariri.
Yeye na kile ambacho mgeni akiingia hajui pa kutokea;
mimi na kile chenye maelekezo chini ya ukurasa.
"Cha watoto," alisema, akanimiminia divai.
Hatukugombana kwa hilo.
Tuligombana kwa jambo dogo zaidi:
nyumba ya mama mkwe, ukuta mmoja, sahihi moja.
Huu ni mwaka wa sita.

Juzi nilisasisha. Vifurushi mia tatu na kumi na viwili,
nikajibu ndiyo bila kusoma,
kama watu wa viti vya nyuma wanavyoitikia amina.
Jana asubuhi, skrini nyeusi.
Kistari kimoja kinapepesa kwenye kona
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nikachimba kumbukumbu za mfumo mpaka usiku.
Makosa yote yalinyoosha kidole mahali pamoja.
Nikachemsha maji. Nikanywa mate. Nikaongeza kuni
ambazo hazikuhitaji kuongezwa.
Kisha nikautia mstari wake alama ya reli mbele
(sikuufuta, niliunyamazisha tu)
nikawasha upya.

Vigae vikarudi, kimoja kimoja, bila kelele.

Nilishika simu. Nilijua atakachosema:
Nilikuambia usiguse.
Nami: nimegusa, na imekubali.
Naye: kwa bahati.
Na hapo tayari tungekuwa tunazungumza.
Nikaiweka simu chini, juu ya kopo la funguo zisizo na mlango.

Badala yake, chini ya onyo lake, nikaandika:

# nimegusa. Julai, mvua. Njoo uone mwenyewe.

Faili yote, mistari mia mbili na mitatu,
nimeinakili kwenye kijiti kidogo cha kumbukumbu,
kijiti kimeingia kwenye bahasha.
Stempu nitanunua mvua ikikata.
Hapana. Kesho, saa tatu, posta ikifunguliwa.
Jina nimeliandika kwa kalamu.
Lina E mbili,
na mkono haukupinda kona.