Chujio

Siku ya tatu nilianza kuionja hewa
kama mtu anavyoonja mboga iliyolala:
klorini kwanza, halafu rangi mpya ya ukutani,
halafu dawa ya mbu, ile ya kopo jekundu,
na chini kabisa, kwenye zulia,
unyevu wa masika fulani
ambao hakuna aliyekumbuka kuuanika.

Ghorofa ya pili, Moshi mjini.
Dirisha limepigwa misumari minne,
"usalama wa mgeni," meneja alisema kwenye simu,
na mlima niliosifiwa kwamba unaonekana kutoka chumbani
umekaa nyuma ya tangi la maji la jirani.

Nilivuka Holili nikitoka Voi na kompresa mbili.
Wakasema siku kumi na nne, kwa gharama yangu.
Sikubishana. Ugonjwa ni ugonjwa.
Ila hakuna aliyenionya
kwamba nitalipia na hewa,
nipewe ile iliyokwisha kutumika.

Mimi ni fundi wa majokofu.
Miaka ishirini na mbili nimewapozea watu maziwa, bia, samaki,
na mara moja, usiku wa Krismasi, chumba cha maiti.
Pumzi ya mashine naijua.
Hiki kiyoyozi kinachokoroma juu ya kitanda
hakileti hewa, kinazungusha.
Kinachukua pumzi yangu ya asubuhi
kinanirudishia mchana, imepoa,
kama mdeni anayekulipa
kwa noti aliyokuchomolea mfukoni.

Usiku kichwa kinagonga. Koo linawasha.
Nesi Ndekirwa anauliza nyuma ya mlango:
"Mzee Kiwelu, unakohoa?"
Nasema hapana.
Nakimeza kikohozi kama kidonge bila maji,
kwa kuwa humu kikohozi ni kesi,
na kesi huongezewa siku.

Siku ya sita nikapanda juu ya kiti.
Bisibisi zangu ziko forodhani, kwenye boksi.
Nilikuwa na sarafu ya mia.
Ikaingia kwenye skrubu
utadhani iligongwa kwa kazi hiyo.

Mungu wangu.
Vumbi nene kama blanketi la kichanga.
Nywele ndefu iliyotiwa hina. Poda. Bawa la nondo.
Nyuzi za taulo, na udongo mwekundu
wa mtu aliyeshuka porini akalala na viatu.
Wote waliopita humu, wamo.
Siku sita nimewapumua
bila hata kuwaamkia.

Nililiosha bafuni kwa sabuni ya kipande.
Maji yalitoka meusi,
yakawa kijivu,
yakawa kama chai ya mgonjwa.
Nikasema, poleni.

Jioni Anaeli akaacha sahani mlangoni, akagonga mara mbili.
"Binti," nikamwita, "niazime koleo."
"Siruhusiwi, baba."
Nikasikia ndala zake zikienda. Zikasimama.
"Misumari ya inchi ngapi?"

Kesho yake mtori ulikuja umefunikwa,
na chini ya trei, ndani ya kitambaa cha meza,
kitu kizito.

Mitatu ilitoka ikilia.
Wa nne ulikataa katakata,
kwa hiyo dirisha lilifunguka kishazi,
kwa upande, vidole vinne,
kama mdomo wa mtu anayetaka kusema siri.

Sitadanganya, haikuwa hewa safi.
Iliingia na dizeli ya lori lililogoma kuwaka,
na mkaa wa muuza mahindi,
na masizi ya miwa inayochomwa huko tambarare,
yakatua juu ya shuka nyeupe, meusi, mepesi.
Halafu, nyuma ya yote, kahawa,
mtu anaikaanga mahali, anaiunguza kidogo.
Niliweka pua kwenye ule ufa
nikavuta mpaka mbavu zikauma.

Na nikakohoa. Kwa sauti. Kikohozi cha siku sita.

Viatu vya nesi vikaja mbio.
"Mzee Kiwelu! Unakohoa?"

"Ndiyo, mama," nikasema.
"Ni moshi tu."