Kuna Mtu Anakutaja

Ilianza Jumanne, kwenye kiporo cha ugali.
Kwi.
Tukacheka. Nakiete akasema, Baba umeiba nyama!
Mimi nikasema, kuna mtu Mlalo anakutaja,
labda dada yako, lile deni la mabati.
Akanywa maji mafundo saba bila kupumua.
Kwi.

Jumatano akaenda nayo kiwandani.
Kihiyo hushona magodoro hapa Batley,
vitanda vya watu wanaolala.
Wenzake wakampasulia mfuko wa karatasi sikioni,
wakamlisha sukari, wakamnywesha siki.
Akarudi na dawa zote tumboni
na kwikwi ile ile.

Alhamisi usiku nikachomoa uzi kwenye kanga,
nikaulowesha mate,
nikaubandika kwenye paji la uso wake
kama anavyobandikwa mtoto ambaye hajatimiza arobaini.
Mwanamume wa miaka hamsini na miwili,
uzi mwekundu juu ya nyusi,
akanitazama, asicheke.

Hapo ningejua.
Alikwisha kusema chakula kina ladha ya sarafu.
Viatu vilikwisha kumbana.
Nami nahesabu kwikwi tu,
kama anayehesabu matone darini
asiulize maji yanatoka wapi.

Nyumba zetu zimeshikana mbavu,
mawe meusi yaliyopanga foleni kupanda kilima.
Miaka sita Bi Oldroyd hajanipa
ila habari za mvua.
Ijumaa alfajiri akagonga,
koti juu ya gauni la kulalia,
nywele hazijachanwa.
"Huu ni usiku wa tatu," akasema.
"Kitanda changu kiko upande wa pili wa ukuta.
Harold wangu alikuwa nayo wiki nzima,
tukamtania.
Nimeshapiga simu. Wanakuja."

Figo, daktari akasema.
Zilikuwa zinazimika moja moja
kama taa za kiwanda mwisho wa zamu,
na hakuna aliyesikia swichi.
Kwikwi ndiyo iliyosema hodi.
Kwetu hodi ni mara tatu, mgeni akaenda zake.
Hii haikwenda.
Hodi. Hodi. Hodi. Hodi.
Na sisi ndani, vicheko.

Siku hizi mashine inamfulia damu
mara tatu kwa wiki.
Anarudi amechoka, rangi ya majivu,
anauliza kama Nakiete amekula.
Analala. Kifua kimya.
Kimya chenyewe bado sijakizoea.

Kumbe kweli kulikuwa na mtu akimtaja.
Si Mlalo, si dada, si deni.
Tofali moja tu kutoka mtoni mwetu,
macho wazi gizani,
kikongwe asiyejua hata kulitamka jina lake.

Jana usiku nikasikia kikohozi upande ule.
Kikavu. Kikatulia.
Kikarudi.
Nikaamka, nikaketi,
nikaanza kuhesabu.