Kutu

Waliniletea amplifaya Jumanne, imefungwa kwa leso
kama mtoto mwenye homa.
Changamwe, nyuma ya duka la simiti,
kibanda changu kina feni moja na redio tisini zilizokufa.
Mwadime akasema, Fundi, inakoroma.
Nikamjibu, hata mimi nakoroma, na sijapelekwa kwa fundi.

Watatu tu. Mwadime wa besi, mrefu,
mlinzi wa zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena.
Kahindi, aliyepiga mapipa ya rangi
mpaka majirani wa Mikindani wakamchangia nauli ya kuhama.
Na Zulekha binti Shee, wa gitaa na sauti,
aliyemwambia mamake anasomea uhasibu jioni.
Uongo wenyewe haukwenda mbali:
kila shilingi ya bendi aliiandika
kwenye daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Bendi yenu yaitwaje?
Kutu.
Jina gani hilo la kujitakia nuksi?
Akanyoosha gitaa nione nyuzi.
Hewa ya Mombasa haina huruma na chuma,
wiki moja tu, chumvi ishaketi mezani.
Za kununua mpya hawana. Huzichemsha
kwenye sufuria ya wali, kwa magadi,
na wali wa siku ile, asema Kahindi,
ulilia ukitafunwa.

Nikafungua. Nikabadilisha kapasita,
nikaunga, nikaungua kidole kwa risasi.
Siku nne.
Miaka thelathini na moja ya ufundi,
nimefufua redio zilizozama na wenyewe,
hili kasha likanishinda.
Akigusa uzi, latoa bati linaloburutwa kwenye lami,
nyuki ndani ya mtungi.
Nikawaambia, chukueni pesa yenu, jamani, nimeshindwa.

Zulekha akapiga mara moja.
Akapiga tena.
Akanitazama kama mtu aliyemsikia marehemu babake
akikohoa chumba cha pili.
Hapo hapo, Fundi. Usiiguse tena.

Walirekodi usiku, ndani ya kontena tupu la futi arobaini.
Mlinzi alikuwa Mwadime; alijiomba ruhusa, akajipa.
Nakala mia mbili, majalada kwa mwandiko wa Kahindi,
ambaye hata jina lake huandika kama anakimbizwa.
Wakauza Mwembe Tayari, juu ya gunia,
baina ya viatu vya mtumba na dawa ya panya.
Ya kwanza ilinunuliwa na muuza dawa ya panya.

Akaja bwana mmoja wa Nyali, viatu vyang'aa.
Kuna hoteli, kuna mkataba,
mvae vikoi, mpige kitu laini cha wageni,
na ule mkoromo, tafadhali, utoke.
Zulekha akafungua daftari,
akalamba kidole, akageuza kurasa mbili, akafunga.
Hesabu haikubali, bwana.

Ukumbi wa Tononoka waliukodi wenyewe,
viti mia tatu vya plastiki, na waliosima wakawa wengi kuliko viti.
Mlangoni nani akichana tikiti? Mamake Zulekha,
miwani puani, hampitishi hata mpwawe bure.
Nilikaa nyuma na kanzu yangu ya Isha.
Taa zikazimwa,
kosa langu likatoka kwenye spika
kubwa kuliko mimi, kubwa kuliko Changamwe,
kifua changu kikawa ndio bati, ndio lami,
na vijana wakairukia sauti ile ile iliyoninyima usingizi.
Nilitaka kusimama niwaombe radhi.
Nikasimama. Kumbe wote wamesimama.

Sasa wanakuja kibandani, wa Likoni, wa Kisauni,
na amplifaya mpya, nailoni haijatolewa.
Fundi, tuharibie kama ile.
Nimejaribu, Mungu shahidi.
Nimegeuza waya, nimeunga ovyo, nimefumba macho,
nimeziacha nje zikapigwa na umande.
Zote zatoa sauti safi, safi
kama maji ya mgonjwa.
Nawarudishia.
Nawatoza nusu.