Rudisha Kanda

Bango bado lipo kwenye duka la video, Majengo,
limeandikwa kwa rangi ya mafuta:
RUDISHA KANDA MWANZO. FAINI SHILINGI TANO.
Mwenye duka alishafariki. Mwanawe auza kava za simu.
Ila mashine ya kurudishia ingalipo kwenye rafu,
imeundwa kama kigari chekundu,
nami kwa upuzi tu
nikaitia kanda isiyo na jina.

Mimi ni Saumu. Nilikuwa Saumu.
Shuleni, Tudor, waliniita Kitunguu.
Jina si la bibi, wala sikuzaliwa Ramadhani;
ni la rafiki yake mama, aliyeuawa
mwaka wa tisini na tatu, usiku wa kumaliza mtihani,
Shimanzi, kwenye kiwanda cha barafu kilichofungwa.
Walikwenda wasichana wanne, na redio ya betri sita,
wakacheze mahali pasipo mtu mzima.
Akarudi mama.
Tangu hapo, kabla ya kulala, hugusa komeo mara tatu.
Nasi nyumbani tulijifunza kutouliza.

Kigari kikanguruma. Taa za mtaa zikazimika,
zikawaka tena, chache, za manjano,
na pua yangu ikachomwa na amonia.

Mama alikuwa na miaka kumi na saba.
Alikuwa akicheka,
kicheko kikubwa kuliko yeye,
kama sufuria zinazoporomoka jikoni.
Sikuwahi kukisikia. Nilisimama nikasahau nilichojia.
"Kadzo na Zeitun wamejificha," akaniambia,
akidhani mimi ni wa darasa jingine,
"wale mahabithi wataka kututisha."
Lakini chini ya mlango wa chumba cha baridi
maji yalikuwa yakitoka, nayo yalikuwa ya waridi.
Kanda ilikuwa imerudi nyuma.
Haikuwa imerudi mwanzo.

Sasa, mimi nimelelewa na filamu hizi.
Sheria zake nazijua kuliko jedwali la kuzidisha:
usiulize gizani "nani huyo?",
usipande ngazi ikiwa mlango uko wazi,
na ukikimbia, umekimbia.
Saumu hakuwa ameziona. Saumu akarudi kufuata kiatu.
"Ni kipya!" alipiga kelele. "Sijamaliza kukilipa!"

Akatokea nyuma ya matangi.
Usoni kinyago cha mchomeleaji vyuma,
kile cha kioo cheusi, kidogo kama dirisha la jela;
mkononi kulabu ya makuli wa bandarini,
ile ya kunyakulia magunia.
Hakukimbia. Hawakimbii, hawa.
Nikamdaka Saumu kwa mkia wa nywele
(aliniita jina ambalo sitaliandika),
kulabu ikapita, ikararua hewa na ukosi wangu,
na yeye, kwa uzito wake mwenyewe,
akateleza kwenye yale maji ya waridi.
Kinyago kikabingirika.
Nilitarajia jini. Alikuwa mvulana,
mwenye chunusi mbili kidevuni.
Mama akasema polepole, "Huyu aliniazima kalamu.
Leo asubuhi."
Kisha akanyamaza, na nikauona unyamavu ule
ninaoujua, ukiingia na kukaa.

Niliporudi, nyumba ilinuka viazi karai.
Mwanamke mnene, meno yote nje, viatu vya visigino virefu,
alikuwa akibishana na redio.
"Mwambie shangazi yako Saumu apunguze chumvi," mama akaita,
"na wewe, Nargisi, ndoo ule."

Nikatazama nyuma kumtafuta Nargisi.
Jina zuri. Halina kitunguu ndani yake.
Darasani hakuna aliyenicheka, na sikujua nijibu vipi
mapenzi ya watu niliowajua jana tu.
Ukosi wangu umeraruka. Hakuna aliyeuliza.

Usiku mama alikwenda mlangoni.
Niliacha kupumua ili nihesabu.
Akaligusa komeo. Akaligusa tena.
Mkono wake ukabaki hewani kidogo,
kama uliosahau jambo,
kisha akazima taa.