Fimbo Isiyolia

Saa kumi na moja unusu navua kofia ya kampuni,
naikunja sare ndani ya mfuko mtupu wa unga,
navaa sweta ya buluu aliyonifumia wifi yangu,
kisha napanda ngazi za jengo lile lile
nililolilinda mlangoni tangu alfajiri.
Orofa ya tatu, chumba mia tatu na nne.
Usalama wa Taifa na Kukabiliana na Ugaidi,
mwaka wa pili, darasa la jioni.

Wenzangu ni makarani wa wizara,
mmoja koplo, mmoja hasemi kazi yake
na sisi hatumwulizi.
Mimi ni soja wa geti. Wanajua.
Wote nimewapapasa mifuko.

Dakta Kithome huwasha projekta, hupiga chafya,
hutuonyesha duara ndani ya duara ndani ya duara.
"Ulinzi," asema, "ni kitunguu."
Naandika: kitunguu.
Navikumbuka vya Marikiti, vya mwisho wa siku,
ganda linang'aa,
ukikata, moyo umeoza.

Maana fimbo yangu ya kukagua chuma
ilikufa betri mwezi wa Machi.
Nilimwambia msimamizi. Akasema, "Moraa, wewe ipitishe tu.
Watu huogopa fimbo, hawaogopi betri."
Basi naipitisha, kifuani, kiunoni, mgongoni,
kama mganga na usinga wake,
na watu hunyoosha mikono, hufumba macho kidogo,
hata hunishukuru.
Mama mpishi alipita na sufuria tatu chini ya leso.
Fimbo kimya.
Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka.

Mbele yangu darasani huketi Hirsi, wa Islii,
mwembamba kama mstari wa kalamu inayokwisha wino.
Huyu nampekua mara mbili.
Si mimi, ni maagizo.
Si maagizo, ni mkono.
Hufungua begi kabla sijamwambia:
daftari, chaja, ndizi mbili,
kitabu cha takwimu kilichovikwa gazeti.
Siku moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, alisema,
"Dada, leo umenikagua mara moja tu. Unaumwa?"

Wiki ya sita tulisoma viashiria.
Kijana. Mwanamume. Amejitenga. Ameacha kunyoa.
Anatembea upesi, haamkui mtu.
Koplo akanakili yote.
Hirsi akainua mkono: "Dakta, na aliyechelewa basi?"
Darasa likaangua kicheko.
Dakta akaitafuta chafya, haikuja.
Mimi nilikuwa namwona kaka yangu Nyamweya
aliyejifungia chumbani Kawangware mwezi mzima,
ndevu zimemtambaa hadi shingoni,
akitoka anapita ukutani kama kivuli.
Alikuwa ameachishwa kazi. Hayo tu.

Mtihani ukaja. Swali la tatu, alama ishirini:
Jadili taratibu za ukaguzi katika lango la taasisi ya umma.
Nilijaza kurasa nne. Uzio wa nje, wa kati, wa ndani.
Kuhusu betri sikuandika.
Nikapata kumi na saba, na pembeni, kwa wino mwekundu:
"Nadharia safi. Ongeza mifano halisi."
Gari lake, nakwambia, huwa hatulikagui.
Tunainua kizuizi, tunapiga saluti,
naye hupunga mkono bila kugeuka.

Jumatatu nilishuka barabara ya Luthuli
nikanunua betri kwa pesa yangu ya chai.
Taa ya kijani ikawaka kwenye fimbo
kama jicho la paka aliyeamshwa.
Wa kwanza kufika alikuwa Hirsi.
Nikaipitisha. Kiunoni ikapiga yowe;
akaruka yeye, nikaruka mimi.
Bakoli ya mkanda.
Akaitazama fimbo, akanitazama.
"Kumbe siku zote hizi..."
"Siku zote hizi," nikamwambia.

Akafunga begi lake, akachukua hatua moja kwenda ngazini.
Na mkono wangu ukanyanyuka kumrudisha.
Huo haukuwahi kuhitaji betri.