Kiganja Kizito

Badi kaniletea mpya Jumapili,
mvua ya Glasgow ikimdondoka masikioni,
akaiweka mezani juu ya bili ya gesi.
"Ile yako, mama, ipeleke makumbusho."
Kweli. Herufi A ilishafutika,
bawaba nimeifunga kwa plasta ya kidonda.
Lakini tulijuana.
Kijibamba chake cha kugusia kilikuwa kidogo
kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bafuni,
na viganja vyangu vilikuwa na kwao,
kimoja kushoto, kimoja kulia.

Hii mpya ina kiwanja.
Sina neno jingine. Ubao wa kusukumia chapati
uliozamishwa chini ya herufi,
laini, baridi, mpaka wake huuoni.
Ukitua mkono upumue, umegusa.
Ukiwaza, umegusa.
Na kishale hicho, mbio,
kimeketi mistari minane juu,
na maneno yanakifuata huko
kama kuku wanaofuata mtama.

Siku ya kwanza nilicheka.
Nilimwandikia mwenye nyumba kuwa dari linavuja,
"wako mwaminifu" ikaingia katikati ya dari.
Ya pili nilitukana, kwa Kidigo,
lugha niliyoiweka akiba kwa kazi hiyo.

Ya tatu ilikuwa kazi.

Maelezo ya Nabintu, kurasa kumi na moja,
kutoka Kiswahili cha Bukavu
kwenda Kiingereza cha watu wa uhamiaji.
Kwenye kanda anasema polepole,
anavuta kila tarehe kama anayetoa mwiba.
Walikuja usiku.
Nikakimbia na mtoto.
Mwingine alibaki.
Sentensi tatu. Baada ya ya kwanza
nilisimamisha kanda, nikapangusa miwani,
kiganja kikatua. Kilikuwa kimechoka.
Nikaendelea.

Saa saba usiku nikasoma tena toka juu.
Nikakimbia na mtoto. Mwingine alibaki.
Kisha shule, kisha shamba la mihogo,
kisha bei ya chumvi mwaka ule,
na huko chini kabisa, peke yake:
Walikuja usiku.

Kwa mkono wangu mimi
mama huyu kamwacha mwanawe
kabla hajatishwa na mtu.

Ofisi ile najua inavyosoma.
Inasoma kama muuza duka anayehesabu chenji,
haitafuti ila senti iliyopungua.
Isingeniuliza mimi. Ingemuuliza yeye: mbona?
Naye angejibu nini?
Angejuaje habari za kiganja changu?

Nilikwenda kunawa mikono. Sijui kwa nini.

Chuo cha uhazili, Tanga, Bi Perpetua
alipita nyuma ya taipureta na rula ya mti.
"Yai! Shikeni yai!"
Tukainua vifundo, wasichana ishirini na wawili,
kila mmoja na mayai mawili yasiyokuwepo.
Nilipohitimu niliyavunja yote.
Miaka thelathini mikono yangu
imelala mezani kama paka wa mtu mwingine.

Badi asema kuna mahali kwenye mipangilio
pa kuipunguzia wepesi wa kuhisi.
Nimeipunguza. Bado inahisi.
Nimekata boksi la uji wa shayiri,
nimefunika kushoto, nimefunika kulia,
nimeacha kidirisha cha ukubwa wa sabuni.
Badi kaona, kaguna: "Pesa yote ile!"
Gundi inabanduka ikifika jioni,
basi nainua. Nauma yai.
Nauma, naam, maana mabega
yanajua ni meno yanayobeba.
Na kila nikifika nukta
nasoma kwa sauti, jikoni, peke yangu.

Alhamisi, kwa wakili, nilimsomea Nabintu.
"Walikuja usiku."
Akaitika kwa kichwa.
"Nikakimbia na mtoto."
Akaitika.
Hapo ndipo nilipoona mikono yangu:
imeinuka, inaning'inia juu ya meza,
na mezani hapakuwa na mashine yoyote,
karatasi tu, na glasi yake ya maji.